Kabla hujanunua unga wa homoni, pitia kwanza soko la Tandika

Siku hizi ukitaka mashosti wanyamaze wakusikilize, wataje neno moja tu: homoni. Uso umejaa chunusi? Homoni. Hedhi imeruka mwezi? Homoni. Nywele zinakatika, tumbo linajaa, hasira hazieleweki asubuhi na mapema ndani ya daladala la Mbagala? Zote hizo, homoni! Hata kina kaka nao wameanza. Jamaa akichoka kidogo kazini, anakwambia homoni zake haziko sawa.

Na mjini hapa penye neno jipya hapakosi mfanyabiashara. Kuanzia Kinondoni mpaka Temeke kuna makopo ya unga wa kijani, unga wa kahawia, mafuta ya matone na majani ya chai, na yote yanaahidi jambo moja: kusawazisha homoni. Yanauzwa saluni, yanauzwa kwenye simu, yanapitishwa mpaka kwenye vikao vya vikoba. Bei yake ukiisikia utadhani ndani ya kopo kuna dhahabu. Mimi sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki yake, ila nina swali dogo kwako msomaji wangu. Kabla hujafungua pochi, umeshawahi kujiuliza sufuria lako la nyumbani linazifanyia nini hizo homoni kila siku?

TARISHI ANAYEITWA KILA UKILA

Homoni ni matarishi. Mwili una tezi mbalimbali, na kila tezi inatuma ujumbe wake kupitia kwenye damu. Wapo matarishi wa hedhi, wa usingizi, wa njaa, wa hasira na wa ukuaji. Huwezi kuwaongoza wote kwa chakula, na anayekwambia unaweza, huyo anakuuzia kitu. Lakini yupo mmoja ambaye kila ukitia tonge mdomoni unamwita, utake usitake. Jina lake ni insulini.

Insulini inatengenezwa kwenye kongosho. Ukila ugali, wali au chapati, chakula kile kinasagwa mpaka kinakuwa sukari ndani ya damu. Kazi ya insulini ni kufungua mlango ili sukari hiyo iingie kwenye seli ikatumike. Sukari ikija polepole, insulini kidogo inatosha. Ikimwagika kwa mpigo, kongosho nalo linalazimika kumwaga insulini nyingi. Endelea hivyo miaka na miaka, huku uzito unapanda na miguu haitembei, seli zinaanza kuwa sugu. Mlango unagongwa, haufunguki. Kongosho linaongeza insulini, mlango bado mgumu. Huko mbele ndiko kwenye ugonjwa wa kisukari.

Sasa dada, sogea karibu, maana hapa ndipo penyewe. Insulini ikizidi, madhara hayaishii kwenye sukari. Kwa baadhi ya wanawake inazichochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Yai linashindwa kukomaa, hedhi inaruka au inakata kabisa, chunusi hazikauki, na ndevu zinachungulia kidevuni. Madaktari wanaiita hali hiyo kwa kifupi PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kama wanayo. Haisababishwi na chakula peke yake. Ipo inayokwenda kwa ukoo, na hata wembamba wanaipata. Ila usugu wa insulini mara nyingi umo humo ndani, na hapo ndipo sahani yako inapoingia kwenye hadithi.

KUTOKA DONA HADI CHIPSI ZEGE

Tusidanganyane, tuangalie tulikotoka. Mwaka 1989 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti wa sukari uliofanyika katika vijiji vya Tanzania. Miongoni mwa watu wazima waliopimwa, wenye kisukari hawakufika hata 1 katika kila 100. Mwaka 2000 ukachapishwa utafiti mwingine uliolinganisha watu wa Ilala, hapa hapa Dar es Salaam, na watu wa kijiji cha Shari kule Kilimanjaro. Ilala wenye kisukari walikuwa karibu 6 katika kila 100. Shari walikuwa kati ya 1 na 2. Kisha mwaka 2012 ukafanyika upimaji wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 hadi 64, na kiwango kikaonekana kimefika 9.1 katika kila 100. Hesabu hizo hazikuchukuliwa kwa namna moja, lakini hata asiyejua hesabu anaona zinaelekea wapi.

Kuna utafiti mwingine unanichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Watafiti waliwafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja kuishi Dar. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Ndani ya mwaka mmoja tu wa kula bata mjini, wastani wa uzito ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya kilo 2, kwa wanaume na kwa wanawake. Jembe limebaki kijijini, miguu imepumzika, matonge yameendelea.

Na matonge yenyewe yamebadilika. Sembe letu jeupe kama theluji limevuliwa ganda na kiini, na humo ndimo yanamokaa makapi mlo, vitamini za kundi B na madini kama zinki na magnesi. Kilichobaki ni wanga unaokimbia kuwa sukari. Juu yake weka chai ya vijiko vinne, andazi, chipsi zege mchana na soda baridi ya kushushia. Kongosho la mtu wa namna hiyo linafanya kazi kama kondakta wa jioni pale Mbagala Rangi Tatu, halina hata nafasi ya kupumua.

BINTI WA KUSUKA NYWELE

Mtaani kwetu yupo binti mmoja anayesuka nywele, jina lake naliweka kapuni. Hedhi yake ilikata miezi mitano. Vipimo vya mimba vikasema hakuna kitu. Mawifi wakaanza maneno yao, mara amefungwa, mara ujana wake ameutumia vibaya. Binti wa watu akavunja kibubu akanunua kopo la unga. Likaisha. Akanunua la pili. Likaisha. La tatu alikopa. Na siku zote hizo asubuhi yake ilikuwa chai ya sukari nyingi na maandazi, mchana chipsi, usiku mlima wa sembe na dagaa watano wa kuhesabika. Si kwamba hapendi afya yake. Anasuka tangu saa mbili asubuhi, na chipsi ndizo ziko mlangoni.

Mwishowe shangazi yake alimshika mkono wakaenda hospitali. Akapimwa damu, akapigwa ultrasaundi, akaambiwa ni PCOS na sukari imeanza kunyanyuka. Akapewa dawa na akaambiwa abadilishe sahani na atembee. Leo ni mwezi wa tisa. Hedhi imerudi, ingawa haifuati kalenda kama mshahara wa serikali. Mtoto bado wanamsubiri. Sikuletei hadithi ya miujiza hapa, nakuletea ilivyo. Ila deni la makopo bado analilipa, na maharage anakula kila siku kwa hela ambayo hata kifuniko cha kopo lile haikinunui.

Na dawa za hospitali hazikuonewa aibu na maharage, vimekwenda pamoja. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa mwaka 2023 unasema hakuna mlo mmoja uliothibitika kuushinda mwingine. Kinachotakiwa ni mlo wenye afya ambao mtu anaweza kuushika. Sasa niambie mwenzangu, mlo gani mtu wa Tandika au Tandale ataushika mwaka mzima? Wa mbegu za kigeni zinazouzwa kwa gramu, au wa kunde na mtama?

TWENDE SOKONI

Ukiingia Tandika, au ukiwa upande wa Kinondoni ukiingia Tandale, magunia yanakukaribisha yenyewe: maharage ya kila rangi, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe, mtama, uwele, ulezi. Jamii hii ya kunde ina mambo matatu kwa mpigo. Ina protini, ina makapi mlo, na wanga wake unayeyuka taratibu. Sukari inaingia kwenye damu kwa mwendo wa bibi harusi, hatua moja baada ya nyingine. Tena mahindi yamepungukiwa aina fulani ya protini ambayo maharage yanayo kwa wingi. Ndiyo maana bibi zetu waliviweka kwenye chungu kimoja bila kusoma chuo chochote.

Haya, shika kalamu.

Kande. Chukua vikombe viwili vya mahindi na kikombe kimoja cha maharage au kunde. Chagua, osha, kisha kila kimoja kiloweke kwenye chombo chake usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea. Hapo umepunguza gesi tumboni na umeokoa mkaa, maana vilivyolowekwa vinaiva haraka. Anza na mahindi, yakianza kulainika tia maharage. Chemsha kwa moto mkali usiopungua dakika 10, hasa kama ni maharage mekundu, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayotapisha. Kisha punguza moto mpaka viive. Kaanga kitunguu, nyanya, karoti na hoho pembeni kwa mafuta kidogo, changanya, malizia na tui jepesi. Magadi yaache. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini na kuongeza chumvi.

Mseto wa choroko. Huu ni wa watu wa pwani, na kwa mwenye haraka hauna mpinzani. Kikombe kimoja cha mchele, kikombe kimoja cha choroko. Choroko hata saa mbili za kulowekwa zinatosha. Zichemshe zikaribie kuiva, tia mchele, chumvi na tui jepesi, funika. Umekula wali wako, lakini nusu ya sufuria ni choroko. Kongosho litakushukuru.

Mbaazi na kunde. Chemsha, unga kwa nyanya, kitunguu na bizari. Badala ya kuzifanya mboga ya pembeni, zifanye ndizo bwana wa sahani. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kisamvu, robo iwe kunde, robo iliyobaki ndiyo ya ugali. Kamulia ndimu au kula chungwa baadaye, ili mwili uweze kuyachukua madini ya chuma yaliyomo. Na ile chai ya rangi ya kushushia, isubiri saa nzima, kwa sababu inayazuia madini hayo.

Ugali wa dona, mtama au uwele. Kama umezoea sembe, usijilazimishe siku moja ukauchukia. Changanya nusu kwa nusu wiki ya kwanza, kisha ongeza dona polepole. Mwaka 2012 watafiti walikaa na watu wazima wenye uzito mkubwa hapa Dar wakawauliza kuhusu nafaka zisizokobolewa. Malalamiko yalikuwa yale yale unayoyajua: rangi, ladha, muda wa kupika. Lakini baada ya kuonjeshwa, walionekana kuwa tayari kujaribu. Ulimi unafundishika jamani!

Uji wa ulezi. Mzuri, una madini ya chokaa kwa wingi. Ila ukiuwekea sukari ya vijiko sita, umetengeneza soda ya moto.

Na chumvi utakayotia kwenye hivyo vyote iwe yenye madini joto. Tezi ya shingo inatengeneza homoni zake kwa madini hayo hayo, na maharage peke yake hayawezi kuziba pengo hilo.

DONA LISIKUUE

Hapa naomba usikivu. Dona linabaki na ganda na kiini, na sumukuvu nayo hukaa zaidi huko huko. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliwadhuru watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki dunia. Kwa hiyo usinunue unga wa dona usiojua ulikotoka eti kwa sababu ni wa bei poa. Nunua mahindi makavu, yamwage kwenye ungo, toa yaliyooza, yaliyobadilika rangi na yenye ukungu, kisha peleka mashineni mwenyewe. Karanga nazo zichague hivyo hivyo. Sumu ile haiishi kwa kupika.

KAKA, SOYA HAIKUTISHI

Najua kaka unasoma kwa jicho moja, unajifanya ukurasa huu ni wa kina dada. Kuna maneno vijiweni kwamba soya inapunguza uanaume. Ukweli ni kwamba soya ina vitu vinavyofanana kwa mbali na homoni ya kike, na hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Lakini wanasayansi walikusanya tafiti nyingi wakazichambua pamoja mwaka 2010, wakarudia tena mwaka 2021, na hawakuona soya ikishusha homoni ya kiume kwa wanaume. Kikombe chako cha uji wa lishe kinywe kwa amani. Kinachokupunguzia heshima chumbani ni kitambi, sigara, pombe na kisukari. Kisukari kinaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na huko chini nako kuna mishipa.

SUFURIA LINA MWISHO WAKE

Nimesifia sana sufuria, sasa niseme mwisho wake. Maharage si dawa, na mimi si daktari. Kama hedhi imekata miezi mitatu na huna mimba, nenda hospitali. Kama unatoka damu isiyoisha, nywele zinakuota kidevuni ghafla, maziwa yanatoka na hunyonyeshi, shingo imevimba, au una kiu na kukojoa kusikoisha, nenda hospitali. Temeke wana hospitali ya rufaa ya mkoa, Kinondoni wana Mwananyamala. Na kama tayari unatumia dawa za kisukari, ongea na daktari kabla hujageuza sahani nzima, ili sukari isije ikashuka kupita kiasi.

Na yule muuza kopo akikujia, usimtukane. Muulize kwa upole imesajiliwa wapi, kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba au kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize ndani kuna nini na kiasi gani. Akianza kukuonyesha picha za waliopona, funga pochi.

Kinachoniuma mimi katika biashara hii ya homoni ni kitu kimoja. Msichana anaambiwa mwili wake umeharibika, kisha anauziwa matumaini kwa mkopo, wakati sokoni kuna magunia ambayo bibi yake aliyajua kwa majina. Haya si maisha ya kizamani wala ya kimaskini. Mama ntilie wako akikuuliza utakula nini mchana, jibu bila aibu: ugali wa dona nusu, maharage yajae, mboga za majani zipande mlima. Ukiona mwenzio amekucheka, mwachie soda yake. Jumamosi hii loweka kunde zako mapema kabla hujaenda kujirusha, Jumapili uamkie jikoni.

Wiki ijayo panapo majaliwa tutaongelea namna ya kupika kisamvu bila kumaliza gunia la mkaa. Kaa mkao wa kula.